Mbaazi Zilizochemshwa

Mche wa mbaazi ulianza kunuka udi kabla haujatoa jani la tatu. Mwatumu alidhani ni nguo zake. Akanusa kanga, akanusa mto, akanusa hata pazia la plastiki la bafuni, mwisho akainama dirishani penye kile chungu cha udongo, na harufu ikampanda puani waziwazi. Udi wa kuchoma, udi wa harusi, na katika nyumba ile ya Hyattsville hakuna aliyewahi kuwasha kaa tangu Mama Haki, mke wa baba yake, afunge king'ora cha moshi kila chumba. Ilikuwa saa nne asubuhi. Alikuwa ametoka zamu ya usiku kulea wazee wa watu, miguu imevimba, akajiambia ni uchovu, akalala.

Angekitupa siku ileile, leo tusingekuwa tunasimuliana. Lakini mbegu alipewa na baba yake mkono kwa mkono, na Mwatumu alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na moja ambaye baba yake hajawahi kumpa kitu mkono kwa mkono.

Baba mwenyewe ni Mzee Mbaruku, mtu wa Pangani. Mwatumu alikuwa na miaka mitano alipoachwa kwa bibi yake, mzee akaja Washington kuendesha magari ya ubalozi. Huku akaoa Mmarekani mweusi, Akosua, mwalimu aliyejifunza Kiswahili chuoni na anayekisema kwa usahihi hadi sisi wenye nacho tunaona haya. Wakamzaa Haki. Mwatumu aliletwa miaka minane tu iliyopita, mafigo ya mzee yalipoanza kuchoka na akatakiwa mtu wa kumgeuza kitandani. Nasema lilivyo. Yeye ndiye aliyempikia uji, yeye ndiye aliyempeleka kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, na bado wageni wakija aliitwa yule binti wa kule.

Sasa, Mzee Mbaruku hakuwa peke yake mwilini mwake. Alirithi ruhani kwa babu yake. Ruhani si kama majini wa vichakani; ni jini msafi, hupenda nguo nyeupe, udi na marashi, na uongo kwake ni uvundo. Humkalia mtu mmoja wa ukoo, na mtu huyo huitwa kiti chake. Kiti hufanikiwa, hilo siwezi kukataa, mzee alifanikiwa. Ila ruhani ana wivu. Kila anayemkaribia kiti wake humsukuma mbali polepole. Babu yake mzee alikufa katikati ya mali zake na hakutokea mtoto wa kumfumba macho. Mzee mwenyewe alimwacha mama yake Mwatumu asubuhi moja bila sababu aliyoweza kuitaja, na yeye na Akosua wana miaka kumi na tano kila mtu na chumba chake.

Tena kiti akifa bila mrithi, ruhani huwapitia wote nyumbani, mmoja baada ya mwingine. Hilo ndilo lililomnyima mzee usingizi. Ruhani alimpa sharti moja, kwamba mrithi awe mkweli, kisha akanyamaza, wiki baada ya wiki hakumjia tena.

Hapo mzee akakumbuka hadithi ya Wachina. Ujana wake alifanya kazi kwenye ujenzi wa reli, kambi ya Mlimba, akiwabebea wapimaji vyombo vyao na kuwatafsiria maneno mawili matatu. Mpimaji mmoja, Komredi Lu, alimsimulia habari za mfalme wa China aliyezeeka bila mtoto. Mfalme yule aliwagawia watoto wa nchi nzima mbegu, akasema atakayeleta ua zuri atarithi ufalme. Mwaka ulipokwisha wakaja wote na maua ya kila rangi, isipokuwa mmoja aliyekuja na chungu kitupu huku analia, na mfalme akamshika huyo mkono akampandisha kwenye kiti cha enzi, maana mbegu zote alikuwa amezichemsha. Mzee Mbaruku aliifungia hadithi hiyo moyoni miaka hamsini kama siri ya nchi. Hakumsimulia hata mkewe.

Basi mwezi wa nne akachemsha mbaazi kumi, akazikausha juu ya kitambaa, akawaita wanawe wawili. Tano kwa Haki, tano kwa Mwatumu. Akawaambia wazipande, wasitajiane habari za vyungu vyao wala wasimtajie yeye, na katikati ya mwezi wa sita atatazama kila mmoja ameleta nini ndipo ajue nani wa kukaa mahali pake. Nyumba na kila kilichomo, alisema. Kilichomo hakukieleza. Hakuwa mwongo yule mzee, ila kwa kunyamaza alikuwa fundi.

Na hapa ndipo ninaposhindwa kumwelewa. Mtu amelea mtoto Marekani miaka ishirini na sita, na hakuwahi hata siku moja kumwuliza shuleni mnasoma nini. Hadithi aliyoificha kama dhahabu, watoto wa huku husomewa darasa la pili, wamekaa kwenye zulia, na picha za rangi. Haki aliitambua pale pale mbegu zilipogusa kiganja chake. Hata kuzipanda hakuzipanda. Alijaza udongo chungu chake akakiacha gereji mpaka siku yenyewe.

Kwa Mwatumu ziliota siku ya tisa, zote tano. Hakujua kwamba ni ajabu. Alifurahi, maskini. Alizimwagilia akienda kazini na alizimwagilia akirudi, na udi ulipozidi alifungua dirisha. Maua yalitoka meupe pepe. Yeye aliyekulia shambani alijua mbaazi huchanua manjano, akajiambia labda ni baridi ya huku.

Kisha yakaja maji. Ilikuwa saa nane mchana, mzee yuko kliniki, Mama Haki yuko shuleni kwake, Haki kazini, nyumba nzima yeye peke yake amelala, akasikia bomba la bafuni linafunguliwa, mtu anasukutua, anatema, anavuta maji puani, anaosha mkono wa kulia hadi kwenye kiwiko bila haraka, kisha wa kushoto, kama mzee anayetawadha kwa ajili ya adhuhuri, na Mwatumu akabaki ameshika shuka anasikiliza miguu yenye maji inavyotoka bafuni, inavyopita juu ya zulia la ukumbini ambako miguu haisikiki siku zote, inavyoingia chumbani mwake na kusimama dirishani penye chungu, ikakaa hapo muda mrefu hadi kifua kikaanza kumuuma kwa kuzuia pumzi. Alipofunua uso hapakuwa na mtu. Zulia lilikuwa limelowa nyayo mbili, vidole vimeelekea kitandani.

Alimpigia simu Bupe, rafiki yake wa kazini anayekaa Oxon Hill, akamweleza kwa kunong'ona. Bupe ni Mnyakyusa, mtu wa kanisa, hana mambo mengi; akamshauri akitie chungu kwenye pipa la taka leo hii. Mwatumu akamjibu kwamba hawezi, kampa baba mwenyewe. Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja tu, naye tangu utotoni alikuwa akiisubiri siku ambayo baba yake atamtazama mbele za watu na kusema, huyu ni wangu.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili. Haya sikusimuliwa, nilikuwepo. Tulikuwa watu kama ishirini uani, pilau imeiva, watoto wanakimbizana. Haki alitangulia na udongo wake mkavu, kichwa ameinamisha, uso wa msiba kabisa, ningekuwa na tuzo ningempa. Nyuma yake akaja Mwatumu amekumbatia chungu, mibaazi imempita kichwa, maua meupe yamemwangukia mabegani, na anatabasamu. Wanawake tukapiga vigelegele. Mzee Mbaruku hakupiga hata kofi. Rangi ilimtoka, akaomba tunyamaze, akaisimulia ile hadithi ya mfalme tangu mwanzo. Alipofika kwenye kuchemsha mbegu, vichwa vyote vilimgeukia Mwatumu.

Mzee akamwuliza, "Mbegu hizi umezipata wapi?"

"Ndizo ulizonipa, baba."

"Nilizichemsha mwenyewe."

"Baba, wallahi ndizo hizi hizi."

"Usiape," mzee akamwambia taratibu. "Ukiapa unazidi kuharibu."

Mtu aliyekaa na jini miaka yote ile angepaswa kushtuka. Lakini alizichemsha kwa mkono wake, aliyaona maji yakitokota kwa macho yake, nani angemwambia vingine? Na sisi tulitazama sahani zetu. Mimi nimo. Niliwaza moyoni, mwanamke mzima na akili zake, anahangaika kununua mbegu ili apewe nyumba. Haki akakabidhiwa funguo, akashangiliwa, na Mwatumu akakiweka chini kile chungu pale pale uani kama mtu aliyeambiwa kabeba cha mwenzake.

Jioni ile alihamia kwa Bupe. Bupe alimtandikia kochi, akampa chai, akamwambia akae hata mwaka mzima. Kisha, kwa sauti ya upole, akamwuliza si angesema tu ukweli wakati ule yakaisha, maana mbegu iliyochemka haiwezi kuota hata ukiiombea. Mwatumu alikunywa chai yake.

Wiki ya tatu mzee alilazwa. Mwatumu alienda hospitali na sare zake za kazi, akakaa kando ya kitanda, akamgeuza ubavu kama alivyomgeuza miaka minane. Mzee alimshika mkono. Ilikuwa mara ya kwanza.

"Nimekusamehe, mwanangu," akamwambia.

"Sikuja kuomba msamaha, baba. Nimekuja uniamini."

"Nimekusamehe yote," mzee akasema, akampigapiga mkono kama anavyobembelezwa mtoto, akafumba macho.

Akafa Ijumaa. Hakuna tusi ambalo lingemkata Mwatumu kama msamaha ule. Mazishini alisimama nyuma kabisa, na watu walipompa pole walimpa haraka haraka, kama wanaogopa atawaeleza tena.

Ruhani akahamia kwa Haki, maana kiti alikuwa ameandaliwa mbele ya mashahidi. Wiki haikuisha. Alimpigia bosi wake kwamba yuko njiani naye bado yuko kitandani, ulimi ukamwasha kama umeumwa na siafu. Alimwambia msichana wake wa Columbia kwamba simu iliisha chaji, ulimi ukavimba. Daktari akasema ni aleji, akamchoma sindano, ukapungua, na Haki akatoka pale akamwambia mama yake kwamba anaendelea vizuri, na kabla hajamaliza kusema ulikuwa umejaa kinywa. Ndani ya nyumba udi ulikolea hadi ukaingia kwenye mkate na maziwa, mabomba yakawa yanafunguka adhuhuri kwa adhuhuri, yule asiyeonekana akatawadha na kutembea na kusimama juu ya kijana, na ilipofika mwisho wa mwezi wa saba ulimi wa Haki ulikuwa umetoka nje ya meno, mweusi, mkavu, haurudi, mama yake anampa uji kwa mrija tone baada ya tone akisali kwa Kiingereza na Kiswahili na kila lugha aliyowahi kuipenda.

Mama Haki ndiye aliyemwita Mwatumu, na Mwatumu alikuja, hakuweka kinyongo. Haki alishindwa kusema, akamwandikia kwenye simu kwa Kiingereza. Akakiri. Aliijua hadithi tangu darasa la pili, chungu chake hakikuwahi kutiwa hata mbegu, dada yake amsamehe.

Mwatumu alisoma mara mbili, akaanza kulia kwa nafuu. "Kwa hiyo unajua kwamba sikudanganya."

Haki akamtazama kwa huruma ya kweli, hiyo ndiyo mbaya. Akaandika tena, na Mama Haki aliyekuwa amesimama nyuma yao aliyasoma maneno yale, yeye ndiye aliyenisimulia haya yote. Kijana aliandika kwamba tulidanganya wote wawili, dada, wewe kivyako na mimi kivyangu, na sasa baba hayupo, kwa nini tuendelee.

Jumamosi asubuhi aliletwa Maalim Shee, mtu wa Lamu, mwenye chuo cha Kurani cha watoto huko Columbia na siku za wiki anapakia mizigo kwenye ghala. Alikaa sebuleni mbele ya Haki, jua linaingia madirishani, akasoma. Alisoma kwa muda. Haki, ambaye Kiswahili chake chote ni sijambo na sitaki, akafunua kinywa zaidi, na kikatoka Kiswahili cha Pangani ya zamani, kimenyooka, cha mtu mwenye meno yake yote, na ule ulimi mweusi haukutikisika hata kidogo.

"Huyu ni mwongo," sauti ikasema. "Nimewekwa pachafu. Nipeni wangu."

Maalim akauliza wako ni nani. Macho ya Haki yakazunguka sebule nzima bila haraka, yakasimama kwa Mwatumu.

Maalim alimvuta Mwatumu pembeni akaongea naye kwa kunong'ona, na alikuwa mwungwana kabisa. Alimweleza kwamba ruhani hamkalii mwongo. Anamng'ang'ania yeye kwa sababu anamdhania mkweli. Akimsikia akikiri kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya watu, kwamba mbegu alinunua dukani, hatakuwa na mtu wa kumkalia katika nyumba hii, atakwenda zake, na kijana atapona. Neno moja tu. Hakuna atakayemhukumu, kila mwanadamu huteleza.

"Binti yangu, sema," Mama Haki akamsihi, amemshika mkono kwa mikono miwili. "Sisi tumeshakusamehe zamani."

Na Mwatumu alitaka kusema. Hilo Mama Haki ananiapia. Alimtazama mdogo wake na ulimi ule, akajifuta uso kwa ncha ya mtandio, akasogea mbele. Neno lenyewe ni dogo, watu ishirini walikuwa wameshalisema kwa niaba yake. Lingemwachia maisha yake, Bupe, kazi, wazee wake wa zamu ya usiku, hata Haki angekuwa ndugu yake tena. Akafungua kinywa.

"Nili..."

"Hukununua," sauti ikasema.

Hata Maalim alisahau aya aliyofikia.

"Zilikuwa zimekufa. Niliziotesha mimi," sauti ikaendelea, bila hasira, kama mtu anayezungumza na mkewe. "Nilitaka baba yako akukatae, na ndugu yako, na rafiki yako, na wale wote waliokula pilau, ili nikikuambia maneno haya uwe hujayasikia kwa mwingine. Ulipanda ulichopewa. Hukuongeza, hukubadilisha. Wewe ni mkweli, Mwatumu."

Maalim akapaza sauti ya kusoma, akamkataza asimsikilize, majini ni walaghai, anamtega. Mama Haki akamvuta mkono na kumwomba kwamba aseme tu alinunua, aseme sasa hivi. Hata pale, jamani, baada ya kuyasikia yote kwa masikio yao, walikuwa bado wanamwomba akiri.

Mwatumu akauondoa mkono wa Mama Haki taratibu, kidole kwa kidole. Alijua amefanyiwa nini na ni nani aliyemfanyia, hakuwa mjinga. Akapiga magoti mbele ya mdogo wake hadi nyuso zao zikakaribiana.

"Sema tena," akasema.

Ulimi wa Haki ukarudi kinywani, midomo ikafunga, akaomba maji kwa Kiingereza kama mtoto aliyeamshwa. Na ile sauti ikasema tena, wewe ni mkweli, wewe ni mkweli, safari hii kwa koo la Mwatumu mwenyewe, naye akawa anaisikiliza huku machozi yanamtoka.